Majaribio ya dawa mpya za pumu ya ngozi: la plasebo, la dawa kwa dawa, la krimu au la sindano, uingie lipi?

Watu wengi wenye pumu ya ngozi (eczema) wakisikia kuna jaribio la dawa mpya, swali la kwanza ni hiyo dawa inaitwaje na inafanya kazi kiasi gani, na naelewa kabisa maana mtu aliyekesha anajikuna mpaka shuka zina madoa ya damu atataka chochote kile. Ila kwa maoni yangu hilo swali lije baadaye kidogo. Anza na jaribio lenyewe limepangwaje, yaani wangapi watapewa plasebo (dawa bandia isiyo na dawa ndani), dawa zako za sasa utaachishwa au utaendelea nazo, na likiisha nini kinafuata. Majaribio mawili ya dawa ile ile moja yanaweza kukuendesha tofauti kabisa. So hapa chini nalinganisha aina za majaribio, dawa zitatajwa sana kwa sababu ndo mifano yenyewe.

Plasebo peke yake, au plasebo juu ya krimu zako

Dupilumab, dawa ya sindano ya pumu ya ngozi, ni mfano mzuri maana ilipitia njia zote mbili. Majaribio ya SOLO 1 na SOLO 2, matokeo yake yalitoka 2016, yalichukua watu wazima wenye pumu ya ngozi ya wastani hadi kali, wiki 16, na theluthi moja ya watu walikuwa wanachomwa sindano isiyo na dawa ndani. Krimu za steroidi, zile za kawaida za kutuliza ngozi iliyowaka, hazikuwa sehemu ya mpango, zilitolewa tu kama dawa ya kuokoa pale mtu anapozidiwa. Waliopata dawa halisi kila baada ya wiki mbili, 38% kwenye la kwanza na 36% kwenye la pili ngozi zao zilisafika au zilikaribia kusafika, wakati upande wa plasebo ni 10% na 8%. Tofauti kubwa sana hiyo, na Machi 2017 Marekani wakaipitisha.

Sasa hebu kaa upande wa yule aliyeangukia plasebo. Wiki 16 ni karibu miezi minne, na kabla hata ya kuanza alishaachishwa krimu zake kwa wiki moja au mbili, na kama alikuwa kwenye vidonge vya kushusha kinga basi kawaida ni wiki nne au zaidi, na sindano za kibayolojia (za aina ya dupilumab) inaweza kuwa miezi kabisa. Hicho kipindi cha kuacha dawa kina sababu ya maana, watafiti wanataka kuona dawa mpya inafanya nini peke yake bila ya zamani kuibeba. Lakini ngozi haijui sababu, ngozi inachachamaa tu.

Kisha angalia CHRONOS, jaribio la dupilumab hiyo hiyo, watu 740, mwaka mzima, na hapa kila mtu alipewa krimu za steroidi za kupaka, wa dawa na wa plasebo wote. Kwenye wiki ya 16 waliokuwa na dawa ni 39% waliosafika au kukaribia, wa plasebo 12%. Majibu yanafanana sana na ya SOLO, ila mtu wa plasebo humu hakuachwa mikono mitupu, alikuwa na matibabu ambayo angepewa hata nje ya jaribio. Mi nikiulizwa na mtu mwenye hali kali achague kati ya haya mawili namwambia la pili bila kusita, tena kama ana kazi ya kwenda kila siku au watoto wa kulea ndo kabisa.

Na kuhusu dawa ya kuokoa naomba hapa nisisitize. Kwenye majaribio mengi ukishatumia dawa ya kuokoa, kwenye hesabu za mwisho unawekwa kundi la wasiopata nafuu. Hiyo ni hesabu yao, haikuhusu. Kuna watu wanavumilia maumivu wakidhani wakiomba krimu wataharibu utafiti au watafukuzwa, na hiyo sio sawa, kwenye SOLO kwa mfano aliyeokolewa kwa krimu aliendelea na sindano zake, ni wale waliohitaji vidonge vya kushusha kinga ndo walisimamishwa dawa ya utafiti. Kwa hiyo kabla ya kusaini fomu ya ridhaa uliza moja kwa moja, nikizidiwa natumia nini, nani ananipa, na nitaendelea au natoka. Daktari wa utafiti asiyeweza kukujibu hilo hapo hapo basi usisaini siku hiyo, beba fomu nenda nayo nyumbani ukaisome, ni haki yako.

Dawa kwa dawa

Hii aina naipenda kuliko zote kwa mtu ambaye krimu zimeshamshinda. Hapa dawa mpya inashindanishwa na dawa ambayo inajulikana inafanya kazi. Jaribio la Heads Up lilishindanisha vidonge vya upadacitinib na sindano za dupilumab, hakukuwa na kundi la plasebo tupu, kila aliyeingia alipata dawa halisi moja kati ya hizo mbili. Wiki ya 16, waliopungukiwa dalili kwa 75% au zaidi ni 71% upande wa vidonge na 61% upande wa sindano. Yaani hata ukiangukia upande ulioshindwa, zaidi ya nusu ya watu wa huko walipata nafuu ya maana kabisa.

Cha kujua ni kwamba ili mtu asijue yuko kundi gani, wote wanachomwa sindano na wote wanameza vidonge, kimoja wapo ndo kina dawa. Kama unaogopa sindano ukadhani ukiangukia vidonge umepona, hapana, utachomwa tu.

Jaribio la JADE COMPARE ni mchanganyiko, watu 838, vidonge vya abrocitinib dozi mbili tofauti, dupilumab, na plasebo pia, ila plasebo walikuwa 131 tu na wote waliendelea na krimu. Kilichonivutia mimi ni muwasho. Ndani ya wiki mbili tu, nusu ya waliokuwa kwenye dozi kubwa ya abrocitinib muwasho ulikuwa umeshuka vizuri, dupilumab ni kama robo, plasebo 14%. Ukifika wiki ya 16 dupilumab imeshapunguza sana hilo pengo. Kwa hiyo kama kinachokumaliza ni kukosa usingizi, kasi ina uzito wake, na huwezi kuona hilo kwenye namba ya mwisho peke yake.

Ila vidonge hivi, upadacitinib na abrocitinib, ni vya jamii ya JAK (vinazuia vimeng'enya vya JAK vinavyochochea kinga) na vinakuja na onyo zito, 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekewe tahadhari ya matatizo ya moyo, damu kuganda, saratani, maambukizi makali na vifo, baada ya utafiti wa tofacitinib, kidonge kingine cha jamii hiyo, kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenye miaka 50 na kuendelea waliokuwa tayari na hatari ya ugonjwa wa moyo. Ni watu tofauti na kijana wa miaka 25 mwenye pumu ya ngozi, lakini kama unavuta sigara, umri umeenda, au damu iliwahi kuganda mguuni, mi ningekaa mbali na majaribio ya vidonge hivi na kutafuta ya sindano. Upande wa dupilumab tatizo linalojulikana zaidi ni macho kuwa mekundu na kuwasha. Wanawake pia mjue majaribio mengi ya vidonge hivi yanadai uzazi wa mpango muda wote na kupimwa mimba mara kwa mara, kama mnapanga mtoto mwaka huu basi hilo limeshajibu swali.

Krimu

Hapa mambo ni mepesi zaidi. Muda mfupi, krimu ya roflumilast ilijaribiwa wiki nne, ruxolitinib na tapinarof wiki nane, na kundi la plasebo mara nyingi ni dogo, kwa roflumilast na tapinarof watu wawili wanapata dawa kwa kila mmoja anayepata krimu tupu, kwa ruxolitinib wanne kwa mmoja. Tena hiyo krimu tupu sio bure kabisa, ni mafuta yale yale yanayobeba dawa, yanalainisha ngozi, ndo maana kwenye jaribio moja la tapinarof 18% ya waliopaka krimu isiyo na dawa walisafika au kukaribia kusafika kwa kiwango kilichowekwa, wenye dawa 46%. Roflumilast, wenye dawa kwa wenye krimu tupu, ilikuwa 32% kwa 15% kwenye jaribio lake la kwanza na 29% kwa 12% kwenye la pili. Ruxolitinib 54% kwa 15%. Usizilinganishe hizi namba kama mashindano ya mbio lakini, muda haufanani na watu waliochukuliwa hawafanani.

Kinachowanyima wengi nafasi ni eneo la mwili. Majaribio ya ruxolitinib yalichukua watu ambao ugonjwa umeshika kati ya 3% na 20% ya mwili. Unaweza kujipima nyumbani, kiganja chako pamoja na vidole ni kama 1%, so hesabu viganja, viwiko viwili na nyuma ya magoti inaweza kukupeleka vinne au vitano, ukiwa na mgongo mzima na miguu yote basi umeshapita na hilo jaribio sio lako, tafuta la sindano. Na ukiwa na kidoa kimoja mkononi pia hawakuchukui.

Suala la alama, hasa kwa ngozi nyeusi

Hili nataka nilikalie kidogo kwa sababu linaamua nani anaingia na nani anarudishwa mlangoni, na halizungumzwi vya kutosha. Majaribio ya sindano na vidonge mengi yanataka uwe na alama za EASI, kipimo cha ukali wa pumu ya ngozi, angalau 16. EASI inatoka 0 mpaka 72. Daktari anaugawa mwili sehemu nne, kichwa na shingo, mikono, kiwiliwili, miguu, na kila sehemu anatazama vitu vinne: wekundu, uvimbe au unene, alama za kukuna, na ngozi kuwa ngumu yenye mistari, kila kimoja anakipa 0 mpaka 3, halafu anaangalia ni eneo kubwa kiasi gani.

Ona sasa, cha kwanza kabisa ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi sehemu iliyougua haionekani nyekundu, inaonekana zambarau, kijivu, au weusi uliokolea kuliko pembeni. Daktari ambaye macho yake yamezoea ngozi nyeupe anaweza kukupa 1 mahali pa 3, na ukizidisha hilo kwa sehemu nne za mwili unaweza kukuta umeangukia chini ya 16 wakati hali yako ni kali kweli kweli. Au umeingia lakini nafuu yako haihesabiwi vizuri. Na madoa meusi yanayobaki baada ya ugonjwa kutulia, ambayo kwetu sisi ndo yanaumiza roho miezi na miezi, EASI haiyapi alama yoyote.

Kwa hiyo mtu mwenye ngozi nyeusi akiwa na majaribio mawili mbele yake, mi ningemshauri aende penye wapimaji waliofundishwa hilo, na aulize. Kuna majaribio yaliyopangwa makusudi kwa ajili hiyo, ADmirable ya lebrikizumab, dawa nyingine ya sindano, ni mojawapo, lilichukua watu wa ngozi ya kahawia na nyeusi, na lilikuwa la wazi, kila mtu anapata dawa na anajua anapata dawa. Udhaifu wake ni kwamba bila kundi la kulinganisha huwezi kujua kwa uhakika nafuu ngapi imetoka kwenye dawa, lakini kwa wewe unayetafuta matibabu na dawa yenyewe imeshapita majaribio makubwa, ni nafasi nzuri sana.

Pia angalia kama jaribio linakuuliza wewe mwenyewe au linamuuliza daktari peke yake. Yaliyo mazuri yana dodoso la POEM, maswali saba ya wiki iliyopita, muwasho, usingizi, kutoka damu, ngozi kuchubuka, jumla 28, na yana shajara ya muwasho ambayo kila siku unaandika namba 0 mpaka 10 muwasho mbaya zaidi ndani ya saa 24. Inachosha, simu inakukumbusha kila jioni na wewe umeshalala, ila ndo sehemu pekee ambayo usiku wako unaingia kwenye hesabu.

Majaribio ya vitu vya kila siku

Haya hayana dawa mpya na watu wanayadharau, mi naona wanakosea. Uingereza wamefanya mengi. BATHE, watoto 482, walitaka kujua mafuta ya kumwaga kwenye maji ya kuoga yanasaidia chochote juu ya mafuta ya kawaida ya kupaka, jibu 2018 hayakuonyesha faida ya maana. SWET ilijaribu mashine za kulainisha maji majumbani, watoto 336, hakuna. CLOTHES ilijaribu nguo za hariri kwa watoto 300, hakuna. BEE ililinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito kwa watoto 550, hakuna iliyoshinda, na hilo ni jibu zuri sana kwa mzazi maana linamwambia atumie ile ambayo mtoto anaikubali kupakwa. BEEP ndo iligusa wengi, watoto wachanga 1394 wa familia zenye historia ya mzio, nusu wakapakwa mafuta kila siku mwaka wote wa kwanza ili kuzuia ugonjwa, na walipofika miaka miwili 23% walikuwa nao kwa 25% ya wasiopakwa, yaani kama hamna tofauti, na maambukizi ya ngozi yalikuwa mengi kidogo kwa waliopakwa.

Faida ya kuingia haya ni kwamba huachishwi dawa zako, hatari ni ndogo, mengine unajaza maswali tu ukiwa nyumbani. Hasara ni wazi, kama hali ni kali hayatakutibu.

Kwa watoto wenye hali kali kuna mfano mwingine nilioupenda, TREAT, watoto 103, ciclosporin kwa methotrexate, hakuna plasebo, dawa mbili za zamani za kushusha kinga ambazo madaktari wanazitumia miaka yote. Ciclosporin ilifanya kazi haraka zaidi, methotrexate ilishikilia nafuu muda mrefu zaidi hata baada ya dawa kusimamishwa. Mzazi aliyekubali mtoto wake aingie hapo alijua tangu mwanzo atapata dawa halisi upande wowote, na mi nadhani kwa mtoto hilo lingekuwa sharti la kwanza, au basi angalau krimu ziendelee kwa wote.

Hatua ya jaribio na yanayofuata

Hatua ya 1 na ya 2, yaani majaribio ya mwanzo mwanzo, dawa bado haijajulikana vizuri, dozi zinatafutwa, na nyingi zinaishia hapo. Tezepelumab, dawa nyingine ya sindano, ilijaribiwa kwa pumu ya ngozi hatua ya 2 na haikuipita plasebo kwa tofauti ya uhakika, halafu 2021 dawa hiyo hiyo ikapitishwa kwa pumu ya kifua. Haina maana usiingie hatua ya 2, wapo watu ambao kila kitu kimegoma na hawana pengine pa kwenda, ila mwenye dawa iliyopitishwa anayoweza kuipata na bado hajaijaribu, aanze na hiyo.

Na mwisho wa jaribio. Dupilumab ilikuwa na muendelezo wa wazi, waliomaliza majaribio ya mwanzo hata wale wa plasebo waliweza kuingia na kupata dawa halisi, wengine mpaka miaka mitano. Hilo linabadilisha kabisa hesabu ya kuvumilia wiki 16 za plasebo. Lakini sio kila jaribio lina muendelezo, na kuna mengine baada ya wiki 16 yanakupanga upya, majaribio ya tralokinumab, sindano nyingine, yalifanya hivyo, aliyepata nafuu kwa dawa anaweza kurudishwa plasebo ili waone nafuu inadumu kiasi gani. Hiyo iko kwenye fomu, ila imeandikwa kwa lugha ya kuzunguka zunguka ukurasa wa katikati huko, itafute. Uliza muendelezo upo au haupo, ni wa muda gani, na dawa ikisimamishwa watakufuatilia wiki ngapi. Kama wanakwambia haupo, na dawa unazotumia sa hivi zimekutuliza angalau unalala usiku, mi nisingekubali kuziacha kwa ajili ya jaribio hilo.